Somo la Nane: Kufunga Fremu Mpya za Madirisha

Leo anza somo hili kwa kutazama nyumba yako. Nenda kwenye dirisha moja. Shika fremu kwa mikono miwili uitikise. Je, inacheza? Je, kuna ufa kati ya mbao na ukuta? Ukiigonga mbao kwa kidole, je, inalia kama kitu kilicho kitupu ndani?

Kama jibu lako ni ndiyo, fremu hiyo imechoka. Huenda mbao zimeliwa na mchwa. Huenda zimeozeshwa na mvua. Huenda pia fremu haikufungwa vizuri tangu siku ya kwanza.

Fremu inayocheza huleta hasara nyingi. Mwizi huweza kuing'oa nzima, pamoja na nondo zake, bila kuvunja kitu. Mbu hupita katika nyufa, hata kama dirisha lina wavu. Maji ya mvua huingia na kulainisha ukuta, na ukuta wa udongo ukilowa hauchukui muda kumomonyoka. Tena mtoto akiegemea fremu mbovu anaweza kuanguka nayo.

Katika somo hili utajifunza mambo matatu:
1. Kuujua ukuta wako.
2. Kuchagua njia ya kufunga fremu inayoufaa ukuta huo.
3. Kuifunga fremu hatua kwa hatua.

MANENO YA KUJIFUNZA

Linta: boriti ya zege au ya mbao inayolala juu ya dirisha na kubeba uzito wa ukuta.
Kishikio: kipande cha chuma bapa kilichokunjwa, upande mmoja unafungwa kwenye fremu, upande mwingine unafukiwa ukutani.
Timazi: uzi wenye kitu kizito mwishoni, wa kupimia kama kitu kimesimama wima.
Pima maji: kifaa chenye kichupa cha maji, cha kupimia kama kitu kimelala sawasawa.
Kabari: kipande cha mbao chenye ncha nyembamba, cha kukazia kitu kisisogee.

1. UJUE UKUTA WAKO

Watu wengi husema, "Fremu ni fremu, piga misumari ya inchi 6, kazi imekwisha." Sivyo. Fremu haishikwi na msumari peke yake. Fremu hushikwa na ukuta. Kama ukuta ni laini, msumari mrefu hausaidii. Kila dirisha linapofungwa na kufunguliwa, msumari hutikisika kidogo. Tundu lake hupanuka. Baada ya misimu miwili au mitatu ya mvua msumari hutoka kwa vidole.

Kwa hiyo kwanza uujue ukuta wako. Bandua lipu kidogo ndani ya uwazi wa dirisha, kisha chukua msumari ujaribu.

Ukisukuma msumari kwa mkono nao ukaingia, au ukikwaruza ukuta ukatoa vumbi la udongo, huo ni ukuta wa matofali mabichi, yaani matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua.

Msumari usipoingia kwa mkono, na tofali likawa jekundu ndani, hilo ni tofali la kuchoma. Tofali la kuchoma ni gumu, lakini udongo ulio kati ya tofali na tofali huweza kuwa laini. Jaribu sehemu zote mbili.

Tofali likiwa la kijivu na gumu, hilo ni tofali la saruji. Ligonge kwa nyundo polepole. Likilia kama mtungi, lina matundu ndani. Likilia kama jiwe, ni zima.

Halafu tazama juu ya dirisha. Je, kuna linta? Hili ni jambo kubwa kuliko yote. Katika nyumba nyingi za vijijini hakuna linta. Matofali ya juu yamelala juu ya fremu yenyewe. Ukiing'oa fremu hiyo bila tahadhari, ukuta unaweza kukuangukia.

Ukuta dhaifu huanza kupasuka kwenye pembe za milango na madirisha. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilitikisa Mkoa wa Kagera. Watu walikufa, na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupata nyufa. Hatuwezi kulizuia tetemeko. Lakini linta nzuri na fremu iliyofungwa barabara ni sehemu ya nyumba imara.

Kama hakuna linta, usiendelee peke yako. Mwite fundi wa kujenga. Atategemeza ukuta kwa miti na ubao, kisha ataweka linta. Linta ipite uwazi wa dirisha na kuingia ukutani kila upande angalau sentimita 20. Katika ukuta wa matofali mabichi iingie sentimita 30, kwa sababu udongo huo haubebi uzito mwingi mahali pamoja.

Kumbuka: linta hubeba ukuta, fremu hubeba dirisha. Usiipe fremu kazi ya linta.

2. CHAGUA NJIA INAYOFAA

Ziko njia nyingi za kufunga fremu. Tutazungumzia nne.

Njia ya kwanza ni masikio. Mbao ya juu na mbao ya chini za fremu huachwa ndefu, zikatokeza kila upande kama sentimita 10. Masikio hayo hujengewa ndani ya ukuta. Njia hii ni ya zamani na ni nzuri sana kwa nyumba mpya. Kwa ukuta uliokwisha kujengwa itakubidi ubomoe sana. Ichague tu ikiwa pande za dirisha zimeharibika na utazijenga upya. Masikio yapakwe dawa ya mchwa, maana yatakaa gizani ndani ya ukuta.

Njia ya pili ni vishikio vya chuma. Chuma bapa hukatwa kipande cha sentimita 25. Sentimita 10 hufungwa kwenye fremu kwa skrubu mbili. Sentimita 15 zinazobaki hukunjwa na kuingia ukutani. Ncha yake hupasuliwa na kutanuliwa kama mkia wa samaki, ili isichomoke. Njia hii inafaa sana kwa matofali ya kuchoma. Inafaa pia kwa matofali ya saruji yenye matundu, mradi matundu yaliyo jirani yajazwe zege.

Kwa ukuta wa matofali mabichi tumia kishikio kirefu zaidi, sentimita 40. Sentimita 30 ziingie ukutani, zilale kati ya mstari mmoja wa matofali na mwingine. Hivyo kishikio kitakaliwa na tofali zaidi ya moja. Ncha yake ikunjwe kwenda juu sentimita 5 kama ndoana.

Njia ya tatu ni skrubu na plagi za plastiki. Ukuta hutobolewa kwa keekee, plagi huingizwa, kisha skrubu hupitishwa katika fremu mpaka ndani ya plagi. Njia hii ni ya haraka na haibomoi ukuta. Lakini inafaa tu kwenye zege au tofali zima la saruji. Skrubu iingie ukutani sentimita 5 au zaidi. Usitoboe karibu sana na ukingo wa ukuta, tofali litapasuka. Katika tofali bichi plagi haishiki kitu.

Njia ya nne ni misumari mitupu. Hii tumekwisha kuisema. Inafaa kushikilia fremu kwa muda tu unapofanya kazi.

Siku hizi watu wengi hununua madirisha ya alumini. Haya hufungwa kwa skrubu na plagi. Kama ukuta wako ni wa udongo, funga kwanza fremu ya mbao kwa vishikio, kisha dirisha la alumini lifungwe kwenye mbao hizo. Wala usiache saruji mbichi ikagusa alumini, kwa kuwa saruji mbichi huila.

Sasa soma mazungumzo haya. Mama mwenye nyumba anazungumza na fundi. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma.

Fundi: Shikamoo, mama.
Mama: Marahaba, fundi. Karibu. Madirisha ndiyo haya manne.
Fundi: Nimeyaona, mama. Ni kazi ya siku moja. Kilo moja ya misumari ya inchi 6 inatosha.
Mama: Hizi fremu mbovu nazo zilipigwa misumari ya inchi 6. Tazama, huu nimeutoa kwa mkono.
Fundi: Basi tuweke vishikio. Lakini mama, gharama itaongezeka. Kuna chuma, skrubu na saruji. Tena kazi itachukua siku mbili.
Mama: Chuma kiasi gani?
Fundi: Mita 6.
Mama: Kwa madirisha yote manne?
Fundi: Ndiyo, yote manne.
Mama: Fremu za mninga nimezilipia kwa mahindi ya msimu mzima, fundi. Nikizifunga kwa misumari, nitakuwa nimemfungia mwizi mzigo mzuri. Tuweke vishikio. Madirisha mawili mwezi huu, mawili baada ya mavuno.
Fundi: Umesema kweli, mama.

Mama huyu alifanya uamuzi wa busara. Hakuwa na fedha za kutosha kwa siku moja. Lakini hakukubali kazi mbaya kwa madirisha yote. Alichagua kazi nzuri kwa madirisha mawili, mengine yakasubiri.

3. IFUNGE HATUA KWA HATUA

Tutafuata njia ya vishikio, kwa sababu ndiyo inayofaa nyumba nyingi.

Hatua ya kwanza: Pima. Pima upana wa uwazi mahali patatu: juu, katikati na chini. Pima na urefu wa kwenda juu mahali patatu. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Kisha toa sentimita 2, ili ibaki nafasi ya sentimita 1 kila upande. Kwa mfano, upana ni sentimita 93, 92 na 94. Kipimo kidogo ni 92. Toa 2. Fremu iwe na upana wa sentimita 90. Usiagize fremu kwa seremala kabla ya kupima.

Chagua mbao vizuri. Mninga na mvule huvumilia mchwa. Paini hailiwi upesi kama imetiwa dawa kiwandani. Isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa. Watu wengine hupaka oili chafu ya magari. Oili hiyo ina sumu, hudhuru ngozi, wala haiwezi kuaminika kuzuia mchwa. Afadhali dawa ya mbao ya dukani, na ufuate maelezo yaliyoandikwa kwenye kopo. Hapa ndipo kujua kusoma kunapokusaidia.

Hatua ya pili: Ondoa fremu ya zamani. Ondoa kwanza vioo na milango ya dirisha. Kata mguu wa fremu katikati kwa msumeno, kisha ung'oe vipande kwa mtaimbo kuelekea ndani ya uwazi. Usipige kwa nyundo kuelekea ukutani, utalegeza matofali. Kama fremu ina rangi ya zamani, usiikwangue ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ilowanishe maji, waondoe watoto, na vipande usivitumie kupikia.

Hatua ya tatu: Weka alama za vishikio. Kishikio cha kwanza kiwe sentimita 15 kutoka pembe ya juu. Cha mwisho kiwe sentimita 15 kutoka pembe ya chini. Kati ya kishikio na kishikio pasizidi sentimita 60. Fremu yenye urefu wa sentimita 120 itahitaji vishikio 3 kila upande, yaani 6 kwa dirisha moja. Funga vishikio kwenye fremu na uvipake rangi ya kuzuia kutu.

Hatua ya nne: Chonga matundu ukutani. Tumia tindo na nyundo ndogo. Funika macho yako kwa miwani ya kazi. Tundu liwe wazi upande wa ndani ya nyumba, ili fremu iingie pamoja na vishikio vyake. Upande wa nje usiguswe. Ndani ya tundu pawe papana kuliko mdomoni. Hivyo saruji ikikauka haitaweza kutoka. Ondoa vumbi lote na unyunyizie maji kidogo.

Hatua ya tano: Simamisha fremu. Iingize na uikaze kwa kabari karibu na pembe zake nne. Tumia pima maji kwa mbao ya juu na ya chini. Tumia timazi kwa miguu yake. Kisha pima kutoka pembe hadi pembe, kwa mshalo. Vipimo viwili vikiwa sawa, fremu ni mraba mzuri. Fremu yenye upana wa 90 na urefu wa 120 itakupa 150 kwa mishalo yote miwili. Kama vipimo havilingani, sogeza kabari mpaka vilingane. Ukiharakisha hapa, dirisha halitafungika kamwe.

Weka pia ubao wa kutegemeza katikati ya miguu ya fremu. Ubao huo utazuia miguu isipinde unapojaza saruji.

Hatua ya sita: Jaza matundu. Kwa matofali ya kuchoma au ya saruji, changanya ndoo moja ya saruji na ndoo tatu za mchanga safi. Maji yawe ya kiasi. Shindilia mchanganyiko pamoja na vipande vya matofali mpaka tundu lijae. Vaa glavu, maana saruji huunguza ngozi. Ikikuingia machoni, osha mara moja kwa maji mengi safi, kisha nenda zahanati.

Kwa matofali mabichi, saruji tupu haishikamani vizuri na udongo. Tumia udongo uleule wa matofali, uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Shindilia kidogo kidogo. Udongo ukikauka hunywea, kwa hiyo rudia kujaza nyufa baada ya siku chache.

Hatua ya saba: Subiri. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Nyunyizia saruji maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Usitoe kabari kabla ya siku 3. Usifunge milango ya dirisha kabla ya siku 7. Udongo husubiri mpaka ukauke kabisa. Usiku tegemeza ubao au bati katika uwazi.

Hatua ya nane: Maliza. Toa kabari na ujaze nafasi zake. Ziba ufa wote unaozunguka fremu, ndani na nje, mbu wasipate njia. Kizingiti cha chini kiteremke kuelekea nje, ili maji ya mvua yasisimame. Paka mbao rangi.

Kama unaweka nondo za kuzuia wezi, acha dirisha moja la chumba cha kulala lenye nondo zinazofunguka kwa ndani. Nyumba ikishika moto, watu watatokea hapo. Kila mtu wa nyumbani ajue ufunguo ulipo.

Ndugu msomaji, sasa unaweza kuifanya kazi hii wewe mwenyewe pamoja na jirani. Au unaweza kumwita fundi, nawe ukajua la kumwuliza. Mwulize: "Ukuta huu ni wa namna gani? Linta ipo? Vishikio vingapi, na kila kimoja kina urefu gani? Tutasubiri siku ngapi?" Fundi mzuri hatachukia maswali hayo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Nyumba nyingi za kijiji chenu zimejengwa kwa matofali gani? Ni njia gani ya kufunga fremu inayozifaa?
2. Kwa nini ni hatari kung'oa fremu mahali pasipo na linta?
3. Mama wa mazungumzo yetu alichagua kufunga madirisha mawili kwanza. Je, wewe ungefanyaje? Eleza sababu.
4. Nendeni pamoja mkatazame madirisha ya darasa lenu. Yapi yanacheza? Mtayatengeneza lini, na nani atafanya nini?

HESABU

1. Nyumba ina madirisha 4. Kila fremu ina vishikio 6. Vinahitajika vishikio vingapi?
2. Kila kishikio kina urefu wa sentimita 25. Je, zinahitajika mita ngapi za chuma bapa?
3. Kila kishikio hufungwa kwa skrubu 2. Nunua skrubu ngapi?
4. Ukitumia ndoo 2 za saruji, utahitaji ndoo ngapi za mchanga?

Majibu: (1) 24. (2) Sentimita 600, yaani mita 6. (3) 48. (4) 6.